Mwendo wa Jenerali Bukini

Wendell Hruska alikuwa na kazi ambayo hata yeye ilimpa taabu kuieleza, na mtu asiyeweza kuieleza kazi yake mbele ya mama yake ana mawili: ama adanganye, ama akubali kuchekwa. Wendell alianza na la kwanza. La pili lilimfuata lenyewe, wala hakulipelekea mwaliko.

Alikuwa mchoraji wa kati katika studio ya katuni ya Bwana Dressler, pale Hollywood. Maana yake ni hii. Mchoraji mkuu alichora sungura ameinama tayari kuruka, kisha akamchora sungura yule yule yuko hewani, akaweka penseli chini na kwenda zake kunywa kahawa. Picha zote zilizobaki, za sungura kuachana na ardhi mpaka kufika huko juu, ambazo bila hizo angekuwa anapotea hapa na kuzuka pale kama jini, zilikuwa za Wendell. Alizichora kutwa, karatasi juu ya karatasi, mwisho wa siku kiganja kikawa cheusi kwa makaa ya penseli na sungura akawa amesogea kiasi cha kujikuna sikio.

"Mimi si mwanzo wala mwisho," alipenda kuwaambia watu. "Mimi ni ule muda ambao hakuna anayeuangalia."

Akishasema hivyo alicheka yeye wa kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake tangu utoto, kujicheka mapema ili asije akatanguliwa na mwingine.

Studio yenyewe, nami nilikuwa mmoja wa wachoraji wake, haikumpa mtu sababu ya kuvimba kichwa. Jengo lilikuwa kiwanda cha magodoro kabla Bwana Dressler hajalinunua, na manyoya ya bata yaliyokuwa yakijazwa magodoroni yalikuwa bado yamelala kwenye nyufa za sakafu. Mlango ukifunguliwa kwa nguvu, yaliamka. Wanawake wa chumba cha rangi, wale waliohamishia michoro yetu kwenye karatasi za plastiki angavu na kuipaka rangi kwa nyuma, walikuwa wakiyafukuza kwa vitambaa, lakini moja moja lilipenya mpaka chini ya kamera. Kwenye kiwambo cha sinema unyoya wa ukubwa wa kope ulitokea mkubwa kama tawi la mnazi. Mwongozaji wetu, Lyle Pomeroy, alikuwa na dawa yake ya jambo hilo: aliongeza upepo kwenye hadithi. Ndiyo maana katuni za Dressler za miaka ile zina dhoruba nyingi namna ile, na kuna watu wa magazeti waliozisifu kwa hilo.

Tulikuwa watu wazima, wengine wana wake na watoto, tuliolipwa mshahara kubishana kama bata ana goti au hana.

Mama yake Wendell, Bi. Ludmila Hruska, aliishi mbali sana na upuuzi huo, katika mji mdogo wa Tabor Creek kule Nebraska, mji wa Wacheki, wakulima wa mahindi na wafuga nguruwe. Kila katuni ya Dressler ilipofika kwenye sinema ya mji, alivaa kofia yake ya kanisani, akaenda mchana wa Jumamosi, akakaa mstari wa mbele kabisa na kuifuta miwani. Alikwenda kusoma majina. Siku zile mwanzoni mwa katuni yaliandikwa majina machache tu: la tajiri kwa herufi za kutisha, la mwongozaji, la mpiga muziki, na la mchoraji mkuu mmoja kwa zamu. Wachoraji wa kati hawakuandikwa, sawa na vile wafagiaji hawakuandikwa.

Picha ikiisha, Bi. Ludmila alikwenda duka la dawa lililokuwa na simu na kumpigia mwanawe.

"Wende, jina lako sijaliona."

"Linapita haraka, mama."

"La tajiri wako halikupita haraka. Lilikaa mpaka nikamaliza kutafuna pipi."

"Lake ni kubwa, mama. Makubwa huenda polepole."

Bi. Ludmila aliamini, au alijitia kuamini, na akaeneza habari. Jirani yake, Bi. Kubicek, aliambiwa afungue macho vizuri. Mzee Sedlak, kinyozi, aliambiwa asipepese. Muda si muda nusu ya Tabor Creek ilikuwa ikikaa mbele ya katuni za sungura imekodoa macho na kushikilia pumzi kwa ajili ya uongo wa mtu mmoja aliyeshindwa kumwambia mama yake kwamba yeye ni wa kati. Wengine waliapa wameliona. Kinyozi alisema lilikuwa la rangi ya bluu.

Basi kitu kimoja tu kikawa kinamnyima Wendell usingizi. Si utajiri, maana katika kazi ile hakuna aliyeutazamia. Alitaka jina lake liandikwe kweli, walau mara moja, mama yake alisome kabla mji haujamgundua. Kwa hilo ilibidi awe mchoraji mkuu, na ili awe mchoraji mkuu ilibidi apewe tukio zima alichore mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Matukio mazima alipewa Roscoe Tindall, aliyekaa meza ya mbele yake, mtu mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Roscoe akavunjika kifundo cha mkono. Alivunjika wakati wa chakula cha mchana, akicheza besiboli uani dhidi ya timu ya chumba cha rangi, alipojaribu kuudaka mpira uliopigwa na msichana aitwaye Ardith Nygaard. Ardith alikuja kumpa pole na kumkumbusha kwamba, hata hivyo, hakuudaka.

Pomeroy alisimama katikati ya chumba akatutazama mmoja mmoja, uso wa mtu anayechagua nyanya ambazo zote zimebonyea.

"Hruska," alisema mwisho. "Chukua Jenerali."

Jenerali Bukini alikuwa mhusika mpya, bata bukini mnene mwenye nishani kifuani. Katika hadithi alikuwa adui. Alitakiwa kushuka ngazi za ikulu kwenda kukagua jeshi lake la bata wadogo wanaotetemeka, na kushuka kule ndiko kungewafanya watazamaji wamjue ni nani.

"Nataka watoto wajifiche chini ya viti," Pomeroy alimwambia. "Nataka wamama wajute kuwaleta. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Usinichekeshee mtu, Hruska. Nina wachekeshaji wa kutosha humu, wengine hata hawajui."

Hapa lazima niseme habari ya miguu ya ukoo wa Hruska.

Baba yake Wendell, marehemu Josef, alikuwa mchinjaji. Alibeba nusu za ng'ombe kwa bega lile lile miaka nenda miaka rudi, mpaka nyonga ikakataa kurudi mahali pake. Alitembea kifua mbele, makalio nyuma, na mguu wa kushoto akiurusha nje kila hatua, utadhani anamsogeza paka asiyetaka kuondoka. Alipopita barabarani na aproni yake, watoto wa Tabor Creek walijipanga nyuma yake mstari mmoja, wote vifua mbele, wote wakifukuza paka. Josef hakugeuka hata siku moja. Wendell, mwana wa pekee, alikuwa akivuka na kutembea upande wa pili wa barabara.

Aliona haya, na haya ile ilimfanya ajifundishe mwendo mwingine. Alitazama askari wa farasi kwenye gwaride, akakariri namna walivyonyoosha mgongo, akafanya mazoezi nyuma ya banda la nguruwe mpaka akaridhika. Josef alifariki mwaka ule ule Wendell alipoajiriwa na Dressler. Treni ilimfikisha nyumbani siku moja baada ya mazishi, naye akatembea mpaka kaburini kwa mwendo wake wa kijeshi, mgongo wima. Watu wa mji walimtazama wakanyamaza. Alidhani ni heshima.

Basi alipopewa Jenerali, Wendell aliona dunia imemtendea haki. Nani mwingine pale studio alijua kutembea kijeshi?

Kila meza yetu ilikuwa na kioo kidogo, kwa sababu mchoraji akitaka kuchora hasira lazima akasirike kwanza aone nyusi zinakwenda wapi. Mgeni aliyeingia bila kuambiwa angedhani amekosea mlango akaingia hospitali ya vichaa. Kwa ajili ya miendo kulikuwa na kioo kirefu mwisho wa korido. Wendell alikwenda pale akajitembelea mwenyewe, huku na huku, kidevu juu. Alirudi mezani macho yanang'aa. Kosa lake lilikuwa la watu wa kazi yetu, wala simcheki peke yake: alipokuwa akienda kwenye kioo alijitazama usoni. Uso ulikuwa mkali kwelikweli. Miguu aliiacha ijichore kwa jinsi alivyoisikia nyongani, na nyonga haijui kudanganya.

Picha za majaribio, zile za penseli tupu kabla ya rangi, zilionyeshwa kwenye kichumba kisicho na dirisha tulichokiita Tanuri. Tulibanana humo, Pomeroy mbele, Roscoe na mkono wake kwenye plasta, Wendell nyuma ameshikilia kofia. Taa zikazimwa. Jenerali Bukini akatokea juu ya ngazi.

Alishuka ngazi ya kwanza, kifua mbele. Alishuka ya pili, makalio yakafuata kwa wakati wao. Kwenye ya tatu mguu wa kushoto ulitoka nje, ukasita, ukarudi.

Roscoe ndiye aliyeanza. Alilia kama mtu aliyepaliwa, kisha chumba kizima kikaporomoka. Mtu mmoja alipiga ukuta. Pomeroy hakucheka, alikuwa amejishika paji la uso.

"Hruska," alisema taa zilipowashwa. "Nani amekuambia utuchoree Hruska?"

"Yule ni Jenerali, Lyle."

"Yule ni wewe unaenda msalani."

Wakacheka tena. Wendell naye akacheka, kwa mazoea, ila safari hii alichelewa, na hakujua anacheka nini.

Alitoka uani. Ardith alikuwa ameketi kwenye ngazi anavuta sigara, glavu zake nyeupe za kazini, zilizokatwa ncha za vidole, ziko magotini. Alimweleza yaliyompata akitazamia amwonee huruma.

"Ina maana hukujua?" Ardith alimwuliza.

"Kujua nini?"

"Wende, mlango wetu wa chumba cha rangi una pazia, na pazia halifiki chini. Tunaona miguu ya kila anayepita. Yako tunaitambua hata bila viatu."

"Mimi natembea kama askari wa farasi."

"Labda farasi," alisema Ardith, akazima sigara. "Usikasirike. Ukipita siku huwa inakuwa nzuri."

Wendell alirudi mezani akiwa ameamua kuchora upya tukio zima. Hata hivyo kabla hajachonga penseli, Bwana Dressler mwenyewe aliteremka kutoka juu. Bwana Dressler alikuwa mtu aliyetengeneza vichekesho kwa sababu biashara ya magodoro ilikuwa imeshikwa na wengine. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Aliingia Tanuri na Pomeroy, mlango ukafungwa, na baada ya kitambo tukasikia sauti ngeni kama pampu inayovuta hewa. Alitoka ameshika meno yake ya bandia mkononi.

"Ulikusudia?" alimwuliza Wendell.

Hapo palikuwa na njia mbili, na Wendell aliiona ya kweli vizuri kabisa akaipita.

"Sasa, mzee, mtu atachora hivyo kwa bahati?"

Hadithi ikabadilishwa usiku na mchana. Jenerali hakuwa adui tena. Akawa bata anayejiona simba, na bata wadogo wakawa wanamfuata nyuma wakimwiga. Hilo la kuigwa lilikuwa wazo la Wendell mwenyewe, alilitoa mkutanoni bila kufikiri, na Pomeroy alipomsifu akasema anakwenda kunywa maji. Akafanywa mchoraji mkuu. Fundi wa herufi aliandika kibao cha mwanzo, na jina la Wendell Hruska likawa pale, kwa mkono, rangi ya krimu juu ya kijani. Alikwenda kulitazama likikauka.

Picha ilipofunguliwa mjini, alimpeleka Ardith. Majina yalipoanza, bwana mmoja wa mstari wa mbele alisimama kuvua koti, akakwama kwenye mkono wa pili. Wendell aliona "Wen" juu ya bega lake, akaona koti, akaona bata. Ilibidi alipe kiingilio kingine.

"Limepita haraka," Ardith alimwambia. Wakaoana mwaka huo.

Alimpigia mama yake. "Safari hii usipepese macho."

Bi. Ludmila alioka kolache, yale maandazi yao yenye matunda katikati, za mtaa mzima. Wiki picha ilipofika Tabor Creek, theluji ilianguka mpaka ikaziba milango. Sinema haikufunguliwa. Reli ilipopitika tena, filamu ilichukuliwa ikapelekwa mji wa mbele.

"Mama, umeona?"

"Nimeona theluji, mwanangu. Kolache tumekula wenyewe na Kubicek, hatujiwezi."

Wendell akasubiri zamu nyingine ya jina, na kabla haijafika vita vikaja. Studio ikapewa kazi ya kuwachorea wanajeshi mafunzo. Jenerali Bukini alifundisha vijana wa Nebraska na Texas kulala ndani ya chandarua na kuogopa mbu wa malaria, akinasa bawa lake kwenye matundu, na kazi hizo hazikuwa na jina la mtu, zilikuwa za serikali. Roscoe na wengine walipomchora Jenerali walimwomba Wendell atembee koridoni kidogo wamwone. Alitembea. Alijaribu siku moja kutembea vizuri wakamrudisha.

"Hapana, Hruska, tunataka ule wa kawaida."

"Huu ndio wa kawaida."

"Basi tunataka ule ulioharibika."

Alikuwa amezoea kuchekwa, na kusema kweli kulimlipia pango. Ila alipopita peke yake mbele ya kile kioo cha korido aligeuza uso. Mwendo alioukimbia utoto mzima alikuwa ameubeba mwenyewe mpaka California, na sasa dunia nzima ilikuwa imejipanga nyuma yake.

Vita vilipokwisha, wasambazaji wa filamu kule New York waliona ni rahisi kurudisha katuni za zamani kwenye sinema kuliko kulipia mpya. Ile ya kwanza ya Jenerali Bukini ilikuwa mojawapo. Bi. Ludmila alipiga simu toka duka la dawa: inakuja Tabor Creek, majira ya kuchipua, theluji hakuna.

"Nimechukua mistari miwili," alisema. "Kubicek yupo, Sedlak yupo, hata padri nimemwambia. Wende, uje. Macho yangu yameingia ukungu. Kinachotembea nakiona, herufi zimenishinda. Ardith atanisomea."

Walipanda treni. Njia nzima Wendell alikuwa mtu mwingine, anatania wahudumu, anamwonyesha Ardith ng'ombe. Alikuwa anakwenda kulipa uongo wa miaka mingi kwa jina la kweli, na mama yake alikuwa bado hai kulisikia likisomwa.

Jumamosi mchana walikaa mstari wa pili, maana wa mbele Bi. Ludmila alisema sasa unamuumiza shingo. Alikuwa na kofia ya kanisani, mkoba magotini, Ardith kulia kwake na Wendell kushoto. Nyuma yao mzee Sedlak na padri. Ukumbi mzima ulinukia unga na sukari ya kolache.

Taa zikazimwa. Muziki ukapigwa. Kikatokea kibao chenye fremu ya dhahabu, kipya kabisa, na juu yake jina la katuni peke yake. Kikakaa. Kikaondoka. Ikulu ikatokea.

Wasambazaji walikuwa wamekata kibao cha zamani. Waliona majina ya watu yanakula muda bure. Wendell alikuwa mtu wa studio miaka yote hiyo, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Limeandikwaje?" Bi. Ludmila alimnong'oneza Ardith.

Ardith alimgeukia Wendell. Wendell alijua kila mtu pale ana macho mazima ila mama yake.

"Limepita haraka," Bi. Kubicek alisema taratibu, mwanamke mwema. "Mimi pia limenipita."

"Halipo, mama," Wendell alisema. "Wamelitoa. Na zile za zamani halikuwepo kabisa, nilikuwa nakudanganya."

"Nyamaza kwanza," alisema mama yake. "Picha imeanza."

Jenerali Bukini akatokea juu ya ngazi. Alishuka ya kwanza, kifua mbele. Alishuka ya pili, makalio yakafuata. Wendell alifumba macho, akangoja kicheko, akijiandaa kutangulia kucheka kama kawaida yake. Kicheko hakikuja. Akasikia mzee Sedlak nyuma yake, kwa sauti ya mtu aliyekutana na rafiki sokoni:

"Josef huyo."

"Ndiye," alisema Bi. Kubicek. "Mguu huo, ndiye."

Halafu ndipo wakacheka, polepole, wazee wote wa mistari ile, na haikuwa sauti ya wale watoto wa barabarani. Padri alikuwa anajifuta macho. Bata wadogo walijipanga nyuma ya Jenerali wakimwiga, na mtu wa nyuma zaidi, mtu mzima mwenye kipara, akasema, "Hao ni sisi." Jenerali hakugeuka hata mara moja. Wendell alikuwa amemchora hivyo mwenyewe, na mpaka dakika ile hakuwa amejiuliza kwa nini.

Bi. Ludmila alikuwa ameinama mbele, mkoba umeanguka.

"Wende," alisema. "Nani amekuambia umchore baba yako?"

Hollywood walimwuliza swali karibu na hilo akadanganya akapandishwa cheo.

"Hakuna, mama. Ilitoka tu."

"Kule ukutani amekaa kwenye kiti," alisema mama yake. Alisema juu ya picha moja tu aliyokuwa nayo ya mumewe, ya fundi picha, Josef mikono magotini. "Miaka yote nimemtazama amekaa. Sijamwona akitembea tangu tumzike."

Hawakungoja picha kubwa ya siku hiyo, ya mapenzi. Mama alisema mapenzi ya watu wengine hayamhusu, watarudi onyesho la saa kumi, na wakiweka majina wasimsumbue kumsomea.

Walitoka kwenye jua. Barabara ya Tabor Creek ilikuwa ile ile, duka la dawa upande huu, bucha iliyokuwa ya Hruska upande wa pili na jina la mwingine juu ya mlango. Wendell alimshika mama yake mkono ili amvushe, macho yake yakiwa yale ya ukungu. Bi. Ludmila aliutoa mkono ule akamshika Ardith.

"Tangulia kidogo," alimwambia mwanawe.

"Mama, utajikwaa."

"Ninaye Ardith. Tangulia."

Wendell alitangulia. Hatua za kwanza aliunyoosha mgongo kwa mazoea, kisha akauacha. Nyuma yake alimsikia mama yake akimwambia Ardith, kwa sauti ya chini, asimtazame kichwani, autazame ule mguu wa kushoto.